Je, Wajua? Mtama wa Mwami, Mpunga wa Mfalme wa Japani

Je, wajua kwamba kila mwaka, usiku wa tarehe 23 Novemba, Mfalme wa Japani huingia katika jengo la ibada lililo ndani ya kasri lake mjini Tokyo, akawatolea miungu wali wa mpunga mpya, nafaka ndogo ya jamii ya uwele na pombe ya mchele, kisha naye akala na kunywa? Ibada hiyo huitwa Niiname-sai, na ilikuwepo karne nyingi kabla Tokyo haijawa mji mkuu.

Na je, wajua kwamba hapa kwetu Burundi mwami naye alikuwa na siku yake ya kuonja? Nafaka yake ilikuwa mtama. Sherehe iliitwa umuganuro, ikaangukia karibu na Desemba, mwezi ambao Warundi wanauita Kigarama, mvua zikiwa zimekolea na udongo umelainika. Mwami alionja ugali wa mtama, na hapo ndipo msimu wa kupanda mtama ulipofunguliwa kwa nchi nzima. Abatimbo, wapiga ngoma wa kifalme, walishuka kutoka milimani kwao na ngoma zao kuelekea ikulu. Siku hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya Karyenda, ngoma iliyobeba ufalme wenyewe, kutolewa ionekane. Siku nyingine ilikaa ndani chini ya ulinzi, ikiwa na binti aliyewekwa wakfu kwa ajili yake, Mukakaryenda. Mwami akisafiri alisindikizwa na ngoma nyingine, Rukinzo. Karyenda haikuwa ya kuzurura.

Umuganuro wa mwisho wa enzi ya wafalme ulifanyika mwaka 1929. Mwami alikuwa Mwambutsa IV, aliyetawazwa mwaka 1915 akiwa bado mtoto mdogo. Wamisionari wa Kikatoliki waliiona sherehe hiyo kuwa ushirikina, utawala wa Kibelgiji ukakubaliana nao, na mambo yakaishia hapo. Nasema kwa uchungu: iliyozimwa haikuwa tafrija. Ilikuwa kalenda ya mkulima. Ilikuwa siku ambayo mkuu wa nchi na mama mwenye jembe moja walisubiri punje ile ile, mvua ile ile.

Japani nayo ilipitia dhoruba. Ilishindwa vita mwaka 1945. Siku ya kwanza ya mwaka 1946 Mfalme Hirohito aliwatangazia watu wake kwamba yeye si mungu. Mwaka 1948 sheria ya sikukuu iliiondoa dini katika tarehe 23 Novemba, ikaipa jina la Siku ya Shukrani kwa Kazi. Mfanyakazi wa kiwandani anapumzika siku hiyo bila kuwaza miungu, na usiku ule ule mfalme anaendelea na wali wake. Walibadilisha sheria, ibada wakaiacha ipumue. Sisi hatukupewa nafasi ya kuchagua.

Je, wajua kwamba mfalme mpya wa Japani anapofanya ibada hiyo kwa mara ya kwanza, huwa kubwa kupita zote na huitwa Daijo-sai? Mfalme Naruhito aliifanya usiku wa kuamkia tarehe 15 Novemba 2019. Mikoa ya kutoa mpunga, Tochigi na Kyoto, ilichaguliwa kwa ramli: gamba la kasa lilichomwa, nyufa zake zikasomwa. Majengo ya ibada yalijengwa kwa ajili ya usiku huo, baadaye yakabomolewa. Mdogo wake mfalme, Mwanamfalme Akishino, alihoji hadharani mwaka 2018 kama ni haki gharama hizo zilipwe na hazina ya taifa. Kwa hiyo hata kule mila inajadiliwa, tena ndani ya ukoo wenyewe.

Je, wajua kwamba mtama uliwahi kukaa kwenye bendera ya Burundi? Nchi ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1962 ikiwa bado ufalme, katikati ya bendera palichorwa Karyenda. Tarehe 28 Novemba 1966 Kapteni Michel Micombero aliuangusha ufalme. Ngoma ikaondolewa, ukabaki mmea wa mtama peke yake. Haukudumu: mwezi Machi 1967 ziliingia nyota tatu nyekundu tunazoziona mpaka leo.

Majina ya wafalme wa Burundi yalizunguka kwa zamu: Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa, kisha Ntare tena. Na masimulizi yanasema mtoto wa kurithi kiti alizaliwa ameshika mbegu mkononi. Ukilikumbuka hilo, umuganuro unaeleweka. Mfalme aliyekuja duniani na mbegu asingeweza kukosekana shambani siku ya kupanda.

Je, wajua kwamba ngoma ya Burundi ina mwili wa mama? Huchongwa kutoka gogo moja la mti unaoitwa umuvugangoma, ikavikwa ngozi ya ng'ombe. Vigingi vya mti vinavyoibana ngozi huitwa amabere, yaani matiti. Tumbo lake ni inda, kitovu ni umukondo. Ngozi yenyewe ni icahi, ile ambayo mama hubebea mtoto mgongoni, na ukingo wa juu ni urugori, taji la uzazi. Ukiikaribia ngoma ambayo imepigwa kwa miaka mingi, utaona pale fimbo zinapotua manyoya yamekwisha kabisa na ngozi inang'aa, ilhali pembezoni, kwenye vigingi, rangi ya ng'ombe bado inasomeka: huyu alikuwa mwekundu, huyu alikuwa wa madoa.

Zinapopigwa, idadi yake haigawanyiki kwa mbili. Huwa kumi na zaidi, zimejipanga nusu duara, na moja imesimama katikati. Hiyo ya katikati ni Inkiranya, nayo ndiyo inayotoa amri. Amashako hushika mdundo usiokatika. Ibishikiso hufuata mabadiliko ya Inkiranya. Mpigaji mmoja hutoka mstarini, akacheza mbele ya ngoma ya kati, akaruka juu kuliko unavyotarajia kwa mtu wa umri wake, akaipiga kwa zamu yake, kisha akarudi kumpisha mwenzake. Mgeni husikia kelele kubwa. Aliyezoea anasikia mazungumzo.

Taiko, ngoma ya Japani, nayo huchongwa kwenye gogo na kuvikwa ngozi ya ng'ombe. Lakini je, wajua kwamba kundi kubwa la taiko jukwaani, lile linaloonekana la kale sana, ni jambo la mwaka 1951? Lilianzishwa na Daihachi Oguchi wa mkoa wa Nagano, mpiga ngoma wa jazi. Zamani taiko ilipigwa hekaluni, vitani na kwenye matamasha ya kijiji, lakini si kama okestra ya ngoma tupu. Ukipanga kwa umri, nusu duara la abatimbo lina haki ya kuamkiwa shikamoo.

Mwaka 1975 mwimbaji Joni Mitchell wa Kanada alichukua mdundo wa wapiga ngoma wa Burundi, uliokuwa umerekodiwa hapa nchini miaka ya 1960, akaujengea wimbo wake The Jungle Line. Mwaka 1982 wapiga ngoma wetu walikuwa jukwaani kwenye tamasha la kwanza la WOMAD huko Uingereza. Dunia ilizijua ngoma hizi kabla haijajua Burundi iko wapi kwenye ramani.

Novemba 2014, mjini Paris, UNESCO iliiingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Kikao hicho hicho kiliingiza washi, karatasi ya Kijapani inayotengenezwa kwa mkono kutokana na magome ya mforosadi. Ngoma na karatasi ziliingia mlango mmoja, wiki moja.

Je, wajua kwamba huwezi kuwaita wapiga ngoma kwenye harusi yako pale Bujumbura kwa simu tu? Amri ya rais ya Oktoba 2017 iliweka ngoma kuwa ya shughuli rasmi. Anayeitaka kwa shughuli nyingine huomba kibali na kulipa faranga 500,000 kwa onyesho. Amri hiyo hiyo iliwakataza wanawake kuipiga, ikiwaruhusu kusindikiza kwa ngoma zao za kucheza. Sehemu ya kwanza naielewa. Ngoma ya mwami haikustahili kuwa kiburudisho cha sherehe, baina ya keki na picha. Sehemu ya pili nimeshindwa kuimeza. Ngoma yenye matiti, tumbo, kitovu na taji la mzazi, kisha binti aambiwe asimame mbali? Wapo watakaonijibu kwamba ndivyo ilivyokuwa zamani, na kweli abatimbo walikuwa wanaume, ukoo kwa ukoo. Lakini zamani hiyo hiyo ndiyo iliyomweka mwanamke kuwa mlinzi wa Karyenda.

Wajapani wana mgogoro wao wa namna hiyo. Aprili 2018, mjini Maizuru, meya alianguka akiwa anahutubia juu ya ulingo wa sumo. Wanawake walipanda kumpa huduma ya kwanza, na sauti ya refa ikasikika kwenye vipaza sauti ikiwaamuru washuke, kwa kuwa ulingo huo hauruhusiwi kukanyagwa na mwanamke. Mkuu wa chama cha sumo aliomba radhi. Katazo lenyewe limebaki. Kwenye taiko, kwa upande mwingine, wanawake wamejaa tele, na hakuna ngoma iliyopasuka.

Tuje kwenye mtungi. Je, wajua kwamba mzee wa bonde la Imbo anayepika impeke, pombe ya mtama, na bingwa wa pombe ya mchele wa Kyoto wanafanya kazi moja kwa njia mbili? Punje ina wanga, na wanga haugeuki pombe mpaka kwanza uwe sukari. Kwa impeke, mtama hulowekwa, ukaachwa uchipue, ukaanikwa na kusagwa. Ule mchipuko ndio unaoukata wanga kuwa sukari. Mjapani mchele wake umekobolewa, hauchipui tena, hivyo hunyunyizia ukungu uitwao koji, nao ukafanya kazi ya mchipuko. Maarifa hayo ya koji yaliingia orodha ya UNESCO Desemba 2024. Impeke bado haijaingia, na sioni sababu ya kuiacha nje.

Urwarwa, pombe ya ndizi, ni jambo jingine. Ndizi tayari ina sukari yake. Huivishwa, ikakamuliwa kwa majani ndani ya mtumbwi wa mti, ikachanganywa na unga wa mtama ili ichachuke.

Mtungi wa impeke hunywewa kwa mirija, kadhaa kwa wakati mmoja, wazee wa pande mbili wakiwa wameinamia shingo ile ile ya mtungi. Huwezi kumkunjia mtu uso huku vipaji vya nyuso vinakaribia kugusana. Na anayetoa pombe ndiye anayeonja kwanza, mbele ya macho ya mgeni, ili ijulikane haina kitu. Mjapani ana adabu yake ya karibu na hiyo: hujimiminii mwenyewe. Unammiminia mwenzako, yeye anakumiminia wewe.

Kwenye ndoa ya Kishinto bwana na bibi harusi hunywa pombe ya mchele kwa vikombe vitatu, kila kikombe kwa mafunda matatu. Jina lake ni san-san-kudo. Kwetu ndoa huanza na gufata irembo, familia ya kijana inapokwenda kujitambulisha, kisha ndipo ije posa na inkwano, yaani mahari. Kila upande una msemaji wake, na wasemaji hao hawasemi moja kwa moja kwamba tumekuja kuomba binti. Watazunguka kwenye ng'ombe, kwenye njia waliyopita, kwenye urafiki wa mababu. Msemaji mzuri anakodiwa, na watu humkumbuka kuliko chakula. Baada ya harusi kuna gutwikurura, bibi harusi kutolewa ndani. Siku hizo wanawake hujifunga vazi la imvutano, begani limefungwa fundo moja, na ukumbi mzima unakuwa rangi.

Mwaka 2017 serikali iliwapa wanaoishi pamoja bila ndoa hadi mwisho wa mwaka kuhalalisha uhusiano wao. Makanisa na ofisi za tarafa zilikuwa na kazi.

Je, wajua kwamba Burundi ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuitwa Ndayizeye, Niyonkuru na Hakizimana, na hakuna karani anayeshangaa? Kila mtoto hupewa jina lake, mara nyingi likiwa na sala au habari za nyumba siku alipozaliwa. Japani ni kinyume kabisa. Sheria yao ya kiraia inamlazimu mume na mke kuwa na jina moja la ukoo, na karibu kila mara ni mke anayeliacha la kwao. Wako wanawake waliolifikisha jambo hilo hadi Mahakama ya Juu wakashindwa, mwaka 2015 na tena 2021. Wangekuja Bujumbura wangeona kwamba nyumba haibomoki kwa majina mengi.

Mama aliyejifungua Burundi huvikwa urugori, kitaji cha ganda la bua la mtama. Mtama tena. Japani watoto wa miaka 3, 5 na 7 huvalishwa kimono na kupelekwa hekaluni tarehe 15 Novemba, na hutoka na mfuko wa peremende ndefu nyembamba, nyekundu na nyeupe, ili waishi maisha marefu.

Nasi tuna matakwa yetu: salamu ya zamani ya Kirundi ni amashyo, yaani nikutakie makundi ya ng'ombe.

Je, wajua kwamba mwaka mpya wa Japani ulifuata mwezi wa angani hadi mwaka 1873? Serikali ya Meiji ndiyo iliyohamia kalenda ya Ulaya, na sikukuu nyingi zikahama nayo. Ndiyo maana Obon, siku za kuwapokea marehemu nyumbani, baadhi ya miji huifanya Julai na mingine Agosti. Wapenzi wa kuutazama mwezi waende Buyenzi, mtaa wa Waswahili hapa Bujumbura, jioni ya Ramadhani ishirini na tisa. Watawakuta watu barabarani, kati ya gereji na gereji, vichwa vimeelekea magharibi, juu ya ziwa na milima ya Kongo. Hapo hesabu ya kalenda haimalizi ubishi. Mwezi uonekane, ndipo sufuria za pilau ziteremshwe. Na Idi ni sikukuu ya taifa, hivyo jirani Mkristo naye anapumzika, na kwa kawaida anatumiwa sahani.

Usiku wa kuamkia mwaka mpya mahekalu ya Kibudha ya Japani hupiga kengele mara 108, hesabu ya tamaa zinazomsumbua binadamu. Kengele kubwa kabisa, kama ile ya Chion-in mjini Kyoto, hupigwa kwa gogo linalovutwa kwa kamba na watawa zaidi ya kumi, na mmoja wao hujirusha chali ili gogo lipige kwa nguvu.

Kwa wafu, kila taifa lina hesabu yake. Mbudha wa Japani husubiri siku 49. Buyenzi husomwa arobaini. Warundi wana kuganduka, kuondoa msiba, ambako mara nyingi huja baada ya mwaka au karibu na hapo. Zamani nyumba yenye msiba ilisimamisha mambo mengi, na kuganduka ndiko kulikoyafungua: jembe, kitanda cha ndoa, deni na urithi. Siku hizi mjini hutangazwa redioni na kuandikwa kwenye kadi, na wapo wanaolalamika kwamba gharama imepanda mno. Malalamiko ni ya haki. Lakini siku hiyo ndipo husemwa mbele ya wote nani alikuwa anamdai marehemu na nani atawalea watoto, na sijaona ofisi inayofanya kazi hiyo vizuri zaidi. Huko Kyoto, tarehe 16 Agosti, mioto mikubwa huwashwa kwenye milima mitano kuwasindikiza wafu warudi walikotoka.

Na Gishora, makao ya ngoma za kifalme? Je, wajua kwamba iko kilomita chache tu kutoka Gitega, na kwamba Mwami Mwezi Gisabo aliianzisha karne ya 19 baada ya kumshinda Ntibirangwa, mtemi aliyemwasi? Hapo zinatunzwa ngoma mbili tukufu, Ruciteme na Murimirwa. Wanaozitunza ni wa uzao wa abatimbo wenyewe, na vijana wao huanza kushika fimbo wakiwa bado wadogo. Ukifika utaonyeshwa boma la nyasi kwanza, ndipo zipigwe.

Mwaka 2024 Japani ilifikisha maeneo 26 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Burundi haina hata moja. Gishora imo katika orodha ya kusubiri tangu mwaka 2007, na kutoka Bujumbura mtu anaondoka asubuhi kwa basi la Gitega na kurudi jioni.